Kona ya Juu Kushoto

"Mama," alisema Mwalimu Mkuu, "mwanao hayupo darasani."

"Nimemwacha getini mwenyewe asubuhi."

"Mwili upo. Macho ndiyo hayapo."

Hakuwa amenikaribisha kiti, kwa hiyo nilijikaribisha. Nilikuwa nimesimama kiwandani tangu alfajiri, na mtu anayetaka kunisemea vibaya mtoto wangu anaweza kusema nikiwa nimekaa.

Binti yangu ana miaka minane na yuko darasa la tatu. Nyumbani anaitwa Kiroboto. Baba yake alimpa jina hilo alipokuwa bado anatambaa, kwa sababu ukimweka hapa unamkuta kule, na jina likamganda. Ana jina zuri la shuleni pia, ila huwa anaitwa hilo pale tu anapokuwa na kesi.

Siku hiyo alikuwa na kesi. Mwalimu wa hesabu amelalamika, wa sayansi amelalamika, hata wa michezo amelalamika kwamba anapigiwa filimbi yeye yuko anaangalia mawingu. Mwalimu Mkuu alinieleza yote hayo bila kupumua, kisha akalitaja neno nililokuwa naliogopa.

"Tunafikiria kumpeleka darasa la nyuma."

Darasa la nyuma ni chumba kimoja kilichopo mgongoni mwa stoo ya madawati mabovu. Watoto wa kila umri wanaingizwa humo na kalamu za rangi, wanapaka rangi picha za bata mpaka kengele ilie. Sina ugomvi na bata. Lakini tangu niijue shule ile sijawahi kuona mtoto aliyeingia mle akarudi kusoma na wenzake.

"Hapana," nilisema.

"Sikuulizi, mama. Nakuarifu."

"Na mimi nakujibu."

Tulitazamana. Ni mwanamke mkubwa, mwenye miwani ya kamba na sauti ya kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Mwishowe alishusha pumzi. Alisema kuna watafiti pale hospitali kuu wanaopima umakini wa watoto kwa kufuatilia macho yao kwa kamera. Shule kadhaa zimeshapeleka watoto. Nimpeleke. Daktari akisema mtoto anaweza kufuata masomo na wenzake, atabaki. Asiposema hivyo, muhula ujao ni bata.

Nilitoka pale nimekasirika, na nikwambie kwa nini. Nina diploma ya udhibiti wa ubora na nafanya kazi kiwanda cha chupa. Chupa zinapita kwenye mkanda mbele ya taa nyeupe, mimi naziangalia. Yenye ufa naitoa. Yenye shingo iliyopinda naitoa. Nikizubaa kidogo tu, kuna mtu mahali fulani atakunywa soda yenye vipande vya kioo. Kuangalia ndiko kunakonilisha. Halafu naambiwa mtoto niliyemzaa mimi, tena kwa uchungu, hajui kuangalia.

"Labda amefuata upande wangu," alisema mume wangu jioni. Yeye ni fundi wa mafriji na hana haraka na kitu chochote duniani. "Mama alikuwa akinituma chumvi, narudi na paka."

"Hili si la mzaha, Baba Kiroboto."

"Nani anafanya mzaha? Nilirudi na paka kweli."

Nilimkalisha Kiroboto kitandani nikampa maagizo. Mimi si mtu wa maneno mengi kwenye maagizo. "Ukifika kule, mdomo koma. Hakuna hadithi. Hakuna kuuliza kwa nini hiki, kwa nini kile. Hujaulizwa, hujajibu. Umenielewa?"

"Na nikiwashwa?"

"Utajikuna ukirudi nyumbani."

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Nilimkunja.

*

Chumba cha utafiti kilikuwa mwisho wa korido, baada ya mlango wa wagonjwa wa masikio. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia, mrefu, mwenye kalamu tatu kwenye nywele na hakuna hata moja mkononi. Alinichangamkia. Alimchangamkia Kiroboto zaidi, akamwonyesha kila kitu: skrini iliyo juu ya meza karibu na ukuta, kiegemeo kidogo cha plastiki cha kuwekea kidevu ili kichwa kisitikisike, na kamera ndogo chini ya skrini.

"Hii inaangalia mboni za macho yako," alimwambia. "Haiumi. Ukitazama kushoto, inajua. Ukitazama kulia, inajua."

Kiroboto alifumbua kinywa. Nilimtazama. Akakifumba.

Daktari alinieleza mimi kando. Huu ni utafiti, alisema, si hukumu. Wanataka kujua macho ya mtoto asiyetulia yanakwenda wapi, na yanarudi lini. Kila mtoto atapimwa mara mbili, kwa siku tofauti. Akimaliza ataniambia alichokiona, na nikimruhusu ataongea na shule.

"Nakuruhusu tangu sasa," nilisema. "Ila umwone vizuri."

"Kazi yangu ni kuona, mama."

"Hata yangu."

Utaratibu wao ulinipendeza, maana mimi mtu wa utaratibu. Daktari alichukua kadi akamsomea mtoto: angalia msalaba ulio katikati ya skrini, picha ikitokea pembeni, usiifuate, ikikushinda ukaifuata, rudi kwenye msalaba. Alisoma kama kasisi, neno kwa neno. Aliniambia watoto wote husomewa maneno hayo hayo, bila kuongeza wala kupunguza, na kipimo kikishaanza hakuna mtu kuongea na mtoto. Mimi nikawekwa kwenye kiti nyuma kabisa, nisionekane. Daktari akaenda kukaa nyuma ya kizuizi cha mbao, anaangalia kompyuta yake. Akazima taa.

Chumba hakikuwa na dirisha. Ikabaki nuru ya skrini tu na kichwa cha mwanangu kikiwa cheusi mbele yake. Nilikitumbulia macho kisogo chake kama naangalia chupa. Sikukiachia. Nilikuwa nikisema moyoni: tulia, tulia, tulia. Na alitulia! Hakujikuna. Hakugeuka. Mdomo koma, kama tulivyoagana. Taa ilipowashwa nilitaka kupiga vigelegele.

Daktari alitokea nyuma ya mbao yake akiwa ameng'ara.

"Anayo na yeye," alisema.

"Anayo nini?"

Alitugeuzia kompyuta. Kila mahali macho yalipotua pana nukta nyekundu. Katikati zilikuwa nyingi, kwenye picha za pembeni zipo kiasi. Lakini juu kushoto, nje ya skrini kabisa, palikuwa na rundo la nukta kama upele.

"Watoto karibu wote walioletwa na shule wana hii kona," alisema Daktari. "Juu kushoto, pale pale. Na wale watoto wasio na shida, tuliowapima mwaka jana kwa ajili ya kulinganisha, hakuna hata mmoja aliye nayo. Hata mmoja, mama! Nafikiri umakini ukichoka, macho yanakimbilia mahali pamoja kupumzika. Naiita kona ya kupumzikia. Mwezi ujao naipeleka kwenye kongamano."

Alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota dhahabu. Mimi niliisikia sentensi moja tu: watoto wasio na shida hawana.

"Kwa hiyo anayo shida."

Furaha ikampungua. "Tusubiri kipimo cha pili," alisema, kwa sauti ya watu wa hospitali.

Nilimshika Kiroboto mkono tukatoka. Kwenye korido alinivuta. "Mama, sasa naweza kusema?"

"Hapana," nilisema. Nilikuwa nafikiria bata.

*

Juma lile sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilimpima mwanangu nyumbani bila yeye kujua. Akila, naangalia macho yake: juu kushoto? Akifanya hesabu: juu kushoto? Niliona juu, niliona kushoto, niliona chini ya meza, niliona dirishani, lakini hiyo kona sikuiona. Nikamwambia mume wangu.

"Kona?" alisema, kichwa kikiwa ndani ya friji ya mteja. "Mimi mwenyewe nina kona yangu ya kupumzikia. Ni ile ya kochi."

"Nitakupiga na hilo bomba."

"Mke wangu, umemuuliza mwenyewe anaangalia nini?"

"Nimuulize nini? Ni ubongo huo, daktari amesema. Utamuuliza mtu ubongo wake unafanya nini?"

Alitoa kichwa kwenye friji. "Mimi friji nayo naiuliza. Nainamisha sikio, nasikiliza."

"Na inakujibu?"

"Mara nyingi kuliko wewe."

Nilimrushia kitambaa. Mama mkwe alipiga simu usiku ule ule, maana hakuna siri katika ukoo huu, akanipa dawa tatu: mafuta ya samaki, kumlaza mapema, na kumwachia. Hiyo ya tatu aliirudia. "Mwachie, mkwe wangu. Unamkaba mno."

Sikumwachia. Usiku wa kuamkia kipimo cha pili nilirudia maagizo, na kumwongezea: "Na macho yasiende juu. Umesikia? Usiangalie juu."

Kiroboto alinitazama kwa masikitiko, kama mtu anayenihurumia. "Nitajitahidi," alisema.

*

Mara ya pili Daktari alikuwa na kalamu nne kichwani. Kadi ikasomwa, neno kwa neno. Nikakaa kwenye kiti changu cha nyuma. Taa ikazimwa.

Nilikitazama kisogo. Kilitulia kama jiwe. Muda ukapita. Nikaanza kuwa na matumaini. Nikaanza hata kupanga nitakavyomwambia Mwalimu Mkuu, na kiti nitakachokalia bila kukaribishwa.

Ndipo Kiroboto akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Ni ile "khi!" ya mtu aliyejibana mpaka pua ikamsaliti. Lakini mle ndani ilikuwa kama sahani imevunjika.

"Mdomo!" nilifoka.

"Mama, usiongee, tafadhali," ilisema sauti ya Daktari nyuma ya mbao.

"Yeye ndiye aliyeanza!"

Kisha Daktari akashusha pumzi, kiti chake kikalia, akaja kuchutama kando ya mtoto gizani. "Basi, hiki kimeshaharibika," alisema, bila hasira. "Unacheka nini, mpenzi?"

Kiroboto aligeuka akanitazama mimi.

"Jibu," nilisema.

"Ulisema hujaulizwa, hujajibu."

"Sasa si umeulizwa!"

Akamgeukia Daktari. "Amemkosa," alisema.

"Nani amemkosa nani?"

"Mjusi. Amemkosa nondo. Alimnyatia weee, halafu akaruka, halafu nondo akaondoka zake, na yeye akabaki vile kama anajifanya hakuwa anamtaka."

Daktari alikuwa bado amechutama. "Mjusi gani?"

"Yule wa pale." Alionyesha kidole juu ya skrini, upande wa kushoto, chini ya kiyoyozi. "Hata siku ile ya kwanza alikuwepo. Ila siku ile mkia ulikuwa mfupi zaidi. Ulikatika, sasa unaota."

Daktari alisimama akawasha taa. Ukuta mweupe, mtupu. Kiyoyozi. Waya wa kiyoyozi. Basi.

"Hakuna kitu," nilisema. Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto ana shida ya umakini, na sasa ameanza kuona na wanyama.

"Ukiwasha taa anaingia kwenye tundu," alisema Kiroboto. "Anatoka ukizima. Skrini inaita wadudu."

Sasa, Daktari yule angeweza kucheka, akamwandikia mtoto chochote anachotaka. Nimewaona wakubwa wengi wa namna hiyo kiwandani. Lakini yeye alisimama akiuangalia ule ukuta, kalamu moja ikateleza kichwani ikaanguka, hakuiokota. "Mwaka jana," alisema polepole, "wale watoto wa kulinganisha tuliwapima chumba cha juu. Huku tumehamia baadaye." Kisha: "Mama, hebu kaa."

"Nikae wapi?"

"Kwenye kiti chake."

Nilikaa. Magoti yalifika kwenye meza. Nikaegemeza kidevu kwenye plastiki, kamera ikasoma mboni zangu, taa ikazimwa. Sikusomewa kadi, lakini nilikuwa nimeshaikariri: angalia msalaba. Niliuangalia. Mimi ni mtu wa chupa elfu kwa zamu, msalaba mmoja utanishinda nini?

Zikapita picha. Mpira. Ua. Msalaba. Samaki. Msalaba. Kisha juu kule, pembeni mwa jicho, kitu kikasogea.

Nikakiangalia.

Alikuwa mjusi kafiri wa kawaida kabisa, mweupe kama chokaa ya ukutani, ana kigutu cha mkia. Alijitokeza nusu chini ya kiyoyozi, akasimama, akageuza shingo. Nikarudi kwenye msalaba. Akatembea hatua moja. Nikamwangalia. Nikarudi. Nondo akatua karibu yake, na hapo, nasema kweli, msalaba ungewaka moto nisingejua.

"Mfuate, mfuate," nilinong'ona.

"Mama, mdomo," alisema Kiroboto nyuma yangu.

Daktari akawasha taa. Akatugeuzia kompyuta. Nukta nyekundu katikati, na rundo kama upele juu kushoto. Nina kona. Mimi, mwenye diploma.

"Niachie kiti," alisema Daktari.

Alikaa yeye, mimi nikazima taa. Tulingoja tukiwa tumebana pumzi, mimi na mwanangu, tumeshikana mikono nyuma yake. Baada ya kitambo tulisikia mtafiti mzima akisema gizani, kwa sauti ndogo: "Jamani, ana macho makubwa huyo."

Taa ilipowashwa aliteremka kitini akakaa sakafuni, mgongo kwenye meza. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, lakini kwa kile kicheko ambacho ukikiacha peke yake kitageuka kilio, kwa hiyo nilikaa naye.

"Kona ya kupumzikia," alisema, akijifuta macho. "Nimeichorea na mchoro. Wa rangi."

"Heri umjue mjusi leo," nilimwambia, "kuliko ukumbi mzima umjue mwezi ujao."

"Watoto wote wale. Hakuna aliyesema kitu."

"Hakuna aliyewauliza. Wewe una kadi yako, mimi nina mdomo koma wangu."

Kiroboto aliona kumetulia, akaona ni fursa. "Sasa mimi nimepasi?"

Swali lake lilinirudisha duniani. Maana mjusi alikuwa amepatikana, lakini bata walikuwa bado pale pale.

*

Nilitaka Daktari aseme palepale kwamba mtoto hana neno. Nilimwambia hivyo, bila kuzunguka. Alikataa, na ninamheshimu kwa hilo, ingawa wakati ule nilitamani kumtikisa. "Nimekosea mara moja kwa kuona haraka," alisema. "Sitaki kukosea ya pili."

Alituhamishia chumba cha juu, kile cha zamani, akakikagua kwanza kila kona kwa tochi huku Kiroboto akimsaidia. Safari hii aliweka kadi pembeni. Kabla ya kuanza alimuuliza mtoto: kuna kitu humu kinakusumbua? Kiroboto alifikiri akasema feni inalia kama mbuzi. Feni ikazimwa. Baada ya kipimo alimuuliza tena ameona nini, na mwanangu akaongea mpaka mimi nikaenda kuleta maji nikarudi.

Kisha Daktari akaniweka chini.

"Sitakudanganya, mama. Macho yake yanaondoka kwa urahisi kuliko ya wenzake. Ile kona imekufa, lakini hili lipo. Kitu chochote kinachocheza, anakifuata."

"Kwa hiyo darasa la nyuma."

"Sijamaliza. Yanaondoka, lakini yanarudi. Ukimwita anarudi mara moja, na akirudi anakumbuka alipoishia. Na kile alichokifuata anakiona kwelikweli. Nani kati yetu aliuona ule mkia? Huyu anaweza kabisa kusoma na wenzake. Usimpe maagizo marefu, na usimweke mbele ya kitu kinachocheza. Nitampigia Mwalimu Mkuu nimweleze." Akanitazama. "Darasani anakaa wapi?"

Nilifungua kinywa kujibu nikagundua sijui. Nalipa ada, nashona sare, namfikisha getini kila asubuhi. Sijui anakaa wapi.

"Kaa kwenye kiti chake," alisema Daktari. "Mimi ndivyo nilivyofundishwa wiki hii."

*

Nilikwenda shuleni saa ya mapumziko. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshapigiwa simu na alikuwa ananisubiri mlangoni pa ofisi, miwani imeshuka puani.

"Daktari ameniambia macho yake yanaondoka kwa urahisi," alisema. "Ndivyo nilivyosema mimi."

"Amekwambia pia yanarudi."

"Amesema. Lakini, mama, darasa lina watoto wengi. Mwalimu hawezi kumwita mtoto mmoja kutwa nzima kama kuku."

"Hilo ni kweli," nilisema, kwa sababu lilikuwa kweli. "Naomba nione kiti chake."

"Kiti hakina kosa lolote."

"Basi hakitaogopa kuonwa."

Aliguna, lakini alinipeleka. Darasa lilikuwa tupu, linanuka chaki na soksi. Kiroboto, aliyetuona tukipita, alikuja akasimama mlangoni kwa mguu mmoja. Dawati lake lilikuwa safu ya tatu, la dirishani. Nikaenda kujibana pale. Ubao ulionekana vizuri. Mwalimu angeonekana vizuri. Na ng'ambo ya barabara, katikati kabisa ya dirisha kama picha iliyowekwa fremu, palikuwa na kibanda cha fundi wa kuchomelea vyuma.

Niliinuka. "Na wewe kaa, Mama Mwalimu."

"Mimi?"

"Kidogo tu."

"Hili dawati la watoto."

"Nimetoka mimi mzima."

Nadhani alikaa ili yaishe. Aliingia kwa ubavu, dawati likalalamika, akaweka mikono mbele kama mwanafunzi mzuri na kunitazama. "Haya. Nimekaa. Kama nilivyokuwa nakueleza, shule haina uwezo wa kumbembeleza kila mtoto. Darasa la nyuma si adhabu, wazazi mnalielewa vibaya. Lina vifaa vyake, lina mwalimu wake, na mtoto akionyesha maendeleo, kuna utaratibu wa..."

Ng'ambo, fundi alishusha kinyago chake usoni. Cheche zikaruka, za bluu, kisha nyeupe, zikamwagika mpaka barabarani.

Nilingoja utaratibu. Haukuja.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameinua shingo. Miwani yake ilikuwa inametameta. Fundi alisimama, akaangalia kazi yake, akaigeuza, cheche zikaruka tena, na midomo ya mama wa watu ikaachana kidogo.

"Kuna utaratibu wa nini?" niliuliza.

"Eh?"

"Ulikuwa unanieleza."

"Ndiyo," alisema, bila kugeuka. "Hivi yule anatengeneza geti?"

"Ni ngazi," alisema Kiroboto kutoka mlangoni. "Geti alimaliza jana. Ila bawaba moja aliiweka upande, wakamrudishia."

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu aligeuka. Alimtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akalitazama dawati lililomkaba kiunoni, kama vile limemfanyia makusudi. Mimi nilikuwa naangalia dari. Nina adabu nikitaka.

"Nani," alisema mwishowe, kwa ile sauti ya kuvuka uwanja, ingawa tulikuwa watatu tu, "nani alimweka mtoto huyu dirishani?"

"Ni wewe, Mama Mwalimu," alisema Kiroboto. "Ulisema nikae kwenye mwanga nione vizuri."

Kisha mama yule akaanza kutikisika, na dawati likatikisika naye, na nikagundua anacheka. Tulilazimika kumvuta mimi na Kiroboto, kila mmoja mkono wake, mpaka akatoka.

Dawati tulilihamisha palepale, yeye ameshika upande huu na mimi ule, mpaka mbele, upande wa ukuta mtupu. Kiroboto aliukagua ukuta kwanza, kuanzia chini hadi darini.

"Huyu atakaa hapa," alisema Mwalimu Mkuu, akijipangusa vumbi. "Mwalimu wake nitaongea naye. Darasa la nyuma halimhusu." Akaelekea mlangoni, akasimama, akageuka nusu. "Hiyo bawaba," alimuuliza mwanangu, "aliirekebisha?"

Kiroboto alinitazama kwanza.

"Jibu," nilimwambia. "Jibu yote."